Loka ya difu si ya kwenda nayo job

Wasee, tuambiane ukweli. Kama gari lako linalala Rongai na kushinda Upper Hill, loka ya otomatiki kwenye difu ya nyuma ni ya nini?

Ile kitu inafunga magurudumu mawili yazunguke sawa kila ukikanyaga mafuta. Kwa matope, poa, hukwami. Lakini kwa kona ya lami gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, so loka inaachilia halafu inashika tena. Ndio ule mlio wa "kaa!" unafanya watu wa stage wageuke. (Na nyinyi mnaona ni sifa.)

Mlio tungevumilia. Shida ni mvua. Ukikanyaga mafuta ndani ya raundabauti, difu ya kawaida inatelezesha gurudumu moja, lingine linashikilia barabara. Loka inatelezesha yote mawili na mkia unatoka. Kwa Jimny fupi, unatoka haraka zaidi. Na hapo kando kuna boda amebeba mama na mtoto.

Mtasema "jua kuendesha." Haya, wewe unajua. Na brathe yako akiomba gari Sato?

Kuna loka za swichi: lami unazima, matope unawasha. Ni bei, najua. Basi nunua tairi poa kwanza, hiyo difu iache vile ilikuja.