Kazi Ambayo Wewe Ndiye Unayelipa

Tangazo lile limeshapita karibu kila kundi la WhatsApp la jumuiya yetu. Kazi ya kufanyia nyumbani, saa mbili kwa siku, malipo ya wiki yanayozidi ya mtu anayebeba boksi usiku kucha, Kiingereza si lazima, makaratasi hayaulizwi. Huku limeanza na "Bwana asifiwe", kule na "Assalaam alaykum", na kila anayelisambaza anaongeza neno lake: "Mimi sijajaribu, ila huenda likamfaa mtu." Neno hilo la mwisho ndilo lililotusukuma kuandika.

Tusiwacheke wanaoitikia. Mama mwenye watoto wawili wadogo anajua kwamba akilipia malezi ya mchana, mshahara wa shifti unabaki nauli tu. Aliyeomba hifadhi anakaa miezi mingi akisubiri kibali cha kazi, na kodi ya nyumba haisubiri naye. Wapo pia wazee waliokuja kwa watoto wao, wanaona aibu kulishwa. Tapeli anayajua haya yote, na tangazo lake limeandikwa kwa ajili yao. Hata hilo la makaratasi kutoulizwa limewekwa makusudi, ingawa ndilo lingepaswa kututia shaka kwanza: tangu 1986 sheria ya Marekani inamtaka kila anayeajiri mfanyakazi amjazishe fomu ya I-9 na kuona vitambulisho vyake. Mwajiri anayekwambia hana haja navyo, ama anavunja sheria, ama hana kazi ya kukupa.

Kati ya mitego yote, ule wa cheki ndio unaostahili kuelezwa taratibu, kwa sababu unapitia benki yako mwenyewe. Unaambiwa umepata kazi ya kuingiza taarifa kwenye kompyuta. Usaili umefanyika kwa kuandikiana Telegram, hakuna aliyemwona mwenzake. Siku chache baadaye inafika bahasha yenye cheki ya, tuseme, dola 2,850. Maelekezo ni mafupi: iweke benki, 350 ni zako za kuanzia, 2,500 mtumie "muuzaji wetu" kwa Zelle leo hii ili kompyuta na printa zikufikie mapema. Unaiweka. Kesho yake unafungua simu, salio limepanda. Unatuma.

Hapo ndipo watu husema, "Lakini benki iliikubali." Haikuikubali. Sheria inailazimu benki ikuruhusu kutumia pesa za cheki ndani ya siku chache, mara nyingi kabla cheki yenyewe haijathibitishwa kule ilikotoka. Cheki bandia inaweza kuchukua wiki kadhaa kugundulika. Ikirudi, benki inaondoa dola 2,850 zote kwenye akaunti yako na kuongeza ada, na zile 2,500 ulizotuma kwa mkono wako zinabaki deni lako. Kompyuta haikuja wala haitakuja. Muuza duka yeyote wa Kariakoo au Gikomba angeshtuka mapema: mtu usiyemjua anakupa pesa usizomdai, kisha anakuharakisha umrudishie sehemu yake?

Kuna kazi nyingine inayoitwa ukaguzi wa mizigo. Vifurushi vinaletwa mlangoni kwako, unavifungua, unapiga picha, unabandika karatasi mpya ya anwani na kuvituma, mara nyingi nje ya nchi. Mshahara umeahidiwa mwisho wa mwezi, na mwezi ukiisha "meneja" hapatikani. Bidhaa zile zilinunuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa, na anwani inayoonekana kwenye kila risiti ni ya kwako. Kwa mtu ambaye faili lake bado liko kwa watu wa uhamiaji, hakuna dola inayotosha kulipia maelezo atakayotakiwa kuyatoa.

Vijana wetu wananaswa zaidi na ile ya "kulaiki". Ujumbe unatoka kwa mtu anayejiita wakala wa ajira: bonyeza alama ya kupenda kwenye video, au ipe hoteli fulani nyota tano, ulipwe kwa kila seti. Mara ya kwanza unalipwa kweli, dola tano, kumi, na hapo imani inaingia. Kisha inakuja seti "maalumu" inayohitaji uweke pesa zako kwanza, kwa sarafu za kidijitali, ndipo utoe ulizokwisha kuchuma. Unaweka mia, programu inakuonyesha elfu. Elfu hiyo ni tarakimu kwenye kioo cha simu, haipo popote pengine. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipokea malalamiko 5,000 hivi ya aina hii mwaka 2023. Katika nusu ya kwanza ya 2024 peke yake yakafika kama 20,000. Na hao ni waliolalamika.

Kuhusu anayekuandikia upande wa pili, jambo moja linatugusa kwa karibu. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine kama 100,000 Kambodia walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni ndani ya majengo yenye walinzi. Wamo Wakenya na Waganda walioitwa Thailand kwa tangazo la kazi ya huduma kwa wateja, wakavushwa mpaka na kunyang'anywa pasi. Serikali ya Kenya imelazimika kuwarejesha vijana wake kutoka huko zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ukimtumia mdogo wako wa Kisumu au Mbarara tangazo la kazi nono Asia, jua unachoweza kuwa unamtumia.

Sasa simu. Huku hawatumii tamaa, wanatumia hofu. "Namba yako ya Social Security imesimamishwa." Namba hiyo haisimamishwi. "Mimi ni afisa wa kodi, polisi wako njiani." Idara ya kodi, IRS, kwa kawaida huanza kwa barua ya posta, na haimtumii mtu dukani kununua kadi za zawadi. "Ni uhamiaji, faili lako lina kasoro, lipa sasa hivi." USCIS haidai ada kwa simu. Wala usidanganywe na namba inayotokea kwenye kioo, hata ikiwa ya ofisi yenyewe, kwani namba hughushiwa kirahisi. Oktoba 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwafungulia mashtaka watu na vituo vya simu vya India vilivyokuwa vikijifanya IRS na USCIS. Julai 2018 zaidi ya washtakiwa 20 walikuwa wamehukumiwa, wengine kifungo cha hadi miaka 20. Biashara haikufa, imehama tu.

Afisa wa kweli hachukii ukikata simu. Kata, utafute mwenyewe namba ya ofisi hiyo kwenye barua yako au tovuti ya serikali, upige wewe. Anayekukataza kukata, au kumwambia mumeo, mkeo au mwanao, ameshajitambulisha.

Nyumbani nako tusikusahau. Mama aliyeko Tanga anapata ujumbe: "Mama, ni mimi, nimebadili namba, nina shida ya haraka." Anakopa kwa jirani, anatuma. Siku hizi hata sauti inaweza kuigizwa kwa kompyuta. Kubalianeni leo neno moja la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulibahatisha, jina la mbuzi wa babu au la shamba lenu, na pesa isitoke bila neno hilo. Aliyeko Tanzania apeleke namba ya tapeli kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Mwenye laini ya Safaricom Kenya atumie 333.

Kama umeshapigwa, usilale nalo. Piga simu benki saa hiyo hiyo. Kama ulinunua kadi za zawadi, piga kwa kampuni iliyotoa kadi, na risiti usiitupe. Kama ulitoa namba ya Social Security, ingia identitytheft.gov, na uzifungie taarifa zako za mikopo kwa Equifax, Experian na TransUnion. Tangu Septemba 2018 huduma hiyo ni bure. Ripoti kwa FTC, 877-382-4357, ubonyeze 3 kuomba mkalimani. Na akitokea mtu anayesema atakurudishia pesa zako kwa ada kidogo, huyo ni tapeli wa pili, na mara nyingi jina lako kalipata kwa yule wa kwanza.

Kwa upande wetu, kuanzia toleo lijalo jarida hili halitachapa tangazo la kazi lisilo na jina la kampuni, anwani, na namba ya simu ambayo sisi wenyewe tumeipigia na kupokewa. Tunajua tutapoteza matangazo kadhaa, na mhazini ameshatuambia hivyo kwa uso uliokunjamana. Tunawaomba maadmini wa makundi wafanye vivyo hivyo: tangazo lisilo na mwenyewe lifutwe, hata kama limeletwa na mchungaji, shehe au mwenyekiti. Wote hao hutumiwa ujumbe kama sisi.

Nawe uliyetapeliwa na bado hujamwambia mtu, tuandikie. Jina lako halitachapwa. Tunachohitaji ni namba aliyotumia, jina alilojiita na maneno aliyokwambia, maana namba hiyo hiyo bado inapiga simu kwa majirani zako.