Jino Linasingiziwa

Na Salehe Mkumbwa

Saa nane usiku bwana mdogo wangu wa miezi saba ameing'ang'ania kola ya shati langu kama vile inamdai. Bega zima limelowa udenda. Nikimlaza analia. Nikimbeba anatulia dakika mbili, kisha anakitafuta kidole changu, anakitia mdomoni na kukisaga kwa ufizi wa chini. Hapo ndipo nilipolihisi: kitu kigumu, chenye makali, kidogo kuliko punje ya mchele. Nilitaka kumwamsha mama yake nimpe habari, nikakumbuka kwamba usiku tatu mfululizo ndiye aliyekesha. Nikanyamaza na jino letu.

Asubuhi Tandika nzima ilijua, yaani sisi na nyumba mbili za jirani. "Ndiyo maana alikuwa anakohoa wiki iliyopita," akasema wa kwanza. "Na ule upele." Wa tatu akauliza kama haharishi, kwa sauti ya mtu anayesubiri aambiwe ndiyo. Kufika adhuhuri lile jino la punje ya mchele lilikuwa limetwishwa kikohozi, mafua, homa na tumbo. Bado umeme tu, uliokuwa umekatika tangu jana.

Leo nalitetea jino.

Mwaka 2000 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wachanga zaidi ya 100, wazazi wakiandika kila siku joto la mtoto na hali yake. Walichokiona ni kwamba kila jino lina siku zake nane hivi: nne kabla halijatoka, siku lenyewe linapotoka, na tatu baada yake. Siku hizo mtoto hutokwa na udenda, hutafuna kila kitu, husugua masikio, hukosa usingizi, hukataa chakula kigumu na kuwa mkorofi. Joto huweza kupanda kidogo. Vipele vya mashavuni na kidevuni navyo vimo, maana ngozi hailowi udenda kutwa ikabaki salama. Lakini kuharisha, kutapika, kikohozi na homa kali havikuonekana kuambatana na jino.

Sasa mbona kila mama ana ushahidi wake? Kwa sababu jino la kwanza huwa linakuja kwenye miezi sita, na hapo hapo kinga aliyotoka nayo mtoto tumboni mwa mama yake inapungua. Hapo hapo ameanza uji, tena kwa kijiko ambacho dada yake amekiangusha na kukifuta kwa kanga. Hapo hapo anajifunza kutambaa, na kila anachokikuta sakafuni anakionja. Halafu meno ya utoto ni 20, na hayamaliziki mpaka mtoto akaribie miaka mitatu. Ukitaka jino la kulisingizia, hutalikosa.

Mimi mwenyewe nimelisingizia. Mtoto wetu wa kwanza alishikwa na homa siku mbili, tukasema meno, tukamkanda kwa maji na kumbembeleza. Siku ya tatu tukaenda kwenye zahanati. Nesi akamtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, mistari miwili ikatokea. Malaria. Hakutugombeza. Aliuliza tu homa ilianza lini, na nilipojibu aliandika bila kuinua uso. Miaka sita imepita, na bado naiona ile kalamu inavyoandika.

Na hiyo ndiyo nafuu. Tangu miaka ya 1980 kumekuwa na neno hapa Tanzania, meno ya plastiki. Wengine husema meno ya nailoni. Mtoto wa miezi minne au mitano anaharisha, fizi zake zinachunguzwa, panaonekana uvimbe mweupe pale chonge litakapoota. Anapelekwa kwa fundi, naye anachokonoa kwa spoku ya baiskeli au kisu. Anachokitoa ni laini na cheupe, ndiyo maana kinaitwa plastiki: ni chonge la mtoto huyo huyo, ambalo lingetoka lenyewe akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Kuharisha kunabaki palepale, na sasa kuna kidonda. Watoto wamevuja damu, wamepata pepopunda, wamekufa.

Tumelihukumu jino kwa muda mrefu. Kamusi zetu bado zina neno kigego, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu. Zamani aliitwa mkosi, na wapo waliouawa kwa kosa hilo. Nako Uingereza, mwaka 1839 vifo zaidi ya 5,000 viliandikwa rasmi kuwa vimeletwa na kuota meno, na poda walizokuwa wakipewa watoto wao kwa ajili ya meno zilikuwa na zebaki. Poda hizo ziliendelea kuuzwa hadi miaka ya 1950.

Basi usiku ule nilifanyaje? Nilinawa mikono nikamsugua ufizi kwa kidole. Friji ilikuwa kabati tu kwa kukosa umeme, nikachovya kitambaa safi kwenye maji ya mtungi, nikakikamua, akakitafuna huku akinitazama kwa hasira. Jeli za ganzi sinunui. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba zile zenye benzokaini zisitumiwe kwa walio chini ya miaka miwili, maana zinaweza kuizuia damu kubeba oksijeni. Shanga za shingoni zinakaba. Asali kabla ya mwaka mmoja haifai hata ya kupaka. Maumivu yakizidi, ipo dawa ya maji ya parasetamo, kwa kipimo cha uzito wake alichoelekeza mhudumu wa afya. Joto likifika 38, au akianza kuharisha, anapelekwa akapimwe, na jino likae pembeni kwanza.

Mama mkwe alipokuja Jumapili nilimwamkia, nikamwonyesha. Akamfungua mdomo mjukuu wake, akatazama, akacheka. "Baba Nasra, mbona wewe ndiye umekonda?"

Jana limetoka la pili, ubavuni mwa lile la kwanza. Lile shati nimemwachia.