AFYA NA MAENDELEO: Fimbo ya Kupimia Dawa

Maradhi ya usubi huanza kwa mwasho wa ngozi na huweza kuishia kwa upofu. Huletwa na inzi mdogo mweusi wa mtoni, ambaye humtia mtu vijidudu vya minyoo amwumapo. Katika bonde la Kodera, Nyanza, Bwana Garnham na Bwana McMahon walitia dawa ya DDT mitoni mwaka 1946, na inzi huyo akatoweka huko. (Ajabu ni kwamba watoto wake hukua wakiwa wameshikamana na kaa wa mtoni, jambo lililogunduliwa mwaka 1950.)

Afrika ya Magharibi kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mito ni mikubwa na inzi wa huko huruka mbali sana. Wakulima walihama mabonde yenye rutuba, wakaenda kulima penye ardhi hafifu, wakiona heri njaa kuliko upofu. Tangu 1974 hata 2002 serikali za huko, Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na mataifa wafadhili walishirikiana kunyunyiza dawa mitoni kwa ndege, na hekta zipatazo milioni 25 zikafaa tena kukaliwa na kulimwa.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani ilitangaza kwamba itatoa bure vidonge vya ivermectin kwa kadiri vitakavyohitajiwa. Hisani hiyo ni kubwa. Lakini kidonge kilicho ghalani mjini hakimsaidii mtu aliye mbali na barabara ya lori. Wauguzi walikuwa wachache, wala hawakuweza kufika kila kijiji kila mwaka. Na kila mwaka ni lazima, maana dawa hii huua watoto wa minyoo, ilhali minyoo wakubwa huishi mwilini miaka kumi na zaidi.

Basi katika miaka ya 1990 vijiji vyenyewe vilikabidhiwa kazi. Wanakijiji humchagua mwenzao, naye hufundishwa na kupewa daftari na fimbo yenye alama. Mizani haihitajiwi. Mtu husimama kando ya fimbo, na urefu wake huonyesha kama atapewa kidonge kimoja au hata vinne. Mtoto asiyefikia sentimita 90 hapewi, wala mama mjamzito. Majina huandikwa, na aliyekosa hutafutwa. Makarani wataitambua kazi hii mara moja.

Mwaka 2025 Niger ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuyaondoa maradhi haya.

Hata hivyo, mwenye fimbo hana mshahara. Mfadhili hutoa dawa, serikali hutoa gari na mafuta, naye hutoa siku zake, pengine wakati wa kupalilia. Ni vigumu kuona haki iko wapi, ikiwa dereva aletaye sanduku hulipwa na yule alimalizaye nyumba kwa nyumba halipwi. Vijiji vingine viliahidi kumlimia shamba. Vingine vikatimiza, vingine vikasahau. Wako waliovumilia miaka mingi, na wako walioacha, daftari likabaki bila mwandishi.