Deni ni lako, ugonjwa si wa mkusanya madeni

Leo tuweke kando habari za programu mpya, tuzungumzie jambo ambalo sisi tunaounda programu tuna mkono ndani yake: madeni ya hospitali.

Dawa ya deni ni kulipa, hilo sipingi. Kliniki ikikutibu Januari na kufikia Juni hujalipa, ina haki ya kukudai, hata kumpa wakala wa kukusanya madeni kazi hiyo. Swali langu ni moja: wakala huyo anapewa nini?

Katika mifumo kadhaa niliyoiona, ankara hukaa pamoja na kila kitu: jina, nambari ya simu, wadi, vipimo, dawa. Karani akiombwa orodha ya wadaiwa, anabonyeza kitufe kimoja na jedwali zima linashuka kwenye faili ya Excel. Faili inatumwa kwa barua pepe. Kufikia jioni, mtu asiye daktari wala muuguzi anajua nani alipimwa virusi vya Ukimwi na nani aliharibikiwa na mimba.

Jamani, kudai pesa kunahitaji safu tano tu: jina, nambari ya simu, nambari ya ankara, kiasi na tarehe ya kulipa. Basi!

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema data ichukuliwe kwa kusudi lililotajwa, isigeuzwe kwa kusudi lisilopatana nalo, na isizidi inayohitajika. Habari za afya yako ni data nyeti, zenye ulinzi zaidi.

Fikiria pia nambari ya shangazi yako uliyoiandika ulipolazwa. Uliitoa ili apigiwe ukizidiwa, si ili adaiwe. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000, baada ya watu kulalamika kwamba nambari zao zilipatikana kupitia wengine na kutumiwa kuwatisha. Kama mkopo wa simu hauruhusu hayo, sembuse deni la wadi ya wazazi?

Hata Marekani, ambako kanuni chini ya sheria ya HIPAA ya 1996 zinaruhusu hospitali kumtumia wakala, anapaswa kupewa kiasi cha chini kinachohitajika.

Najua hoja ya wahasibu: mgonjwa akipinga deni, wakala atajibu nini bila maelezo ya matibabu? Jibu ni rahisi. Amrudishe hospitali, apewe huko ankara kamili, mkononi mwake.

Kwa wenzangu wanaoandika kodi: tenganisheni jedwali la matibabu na la malipo. Mkusanya madeni apewe ruhusa ya kuona zile safu tano pekee. Mfumo uandike nani alitoa orodha na lini. Arafa isitaje kliniki ya aina gani, maana simu huachwa mezani na skrini husomwa na wengi. Na nambari ya akaunti ya Paybill isibebe kifupi cha idara. Anayekulipia si lazima ajue ulitibiwa nini.

Nawe msomaji, ukipigiwa simu na mtu anayejua mengi mno, iandikie hospitali uulize data yako imepewa nani na kwa nini. Wasipojibu vizuri, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 90. Deni halitafutika, usijidanganye. Lakini utalilipa ukiwa na heshima yako.

Mnaonaje? Hospitali yenu inawadai vipi?