Mchoro Haujawahi Kuchoma Nyumba ya Mtu

Jumapili iliyopita dereva wa matatu alikuwa amefungulia redio mahubiri, sauti juu kabisa, nasi abiria tukawa hatuna budi kusikiliza. Mhubiri alikuwa ameyaona, au amesimuliwa na aliyeyaona, maonyesho ya michoro inayohadithia ghasia za kikabila. Hakupendezwa. Michoro ya aina hiyo, alisema, inatonesha vidonda vilivyokwisha kupona. Aliyejaliwa kipawa na Mwenyezi Mungu achore maua, achore mito na wanyama wetu. Abiria wawili watatu wakaitikia "Amina". Mama aliyeketi ubavuni mwangu akaongeza lake: watoto wakiona mambo hayo, wataiga.

Wimbo huu nimeusikia tangu nipate akili, na umenichosha. Wachungaji wanauimba, machifu wanauimba, wabunge ndio usiseme, na siku hizi hata wasanii wenyewe wameudaka, hasa wanaouzia mahoteli. Vidonda, vidonda, vidonda. Nani aliwaambia vimepona?

Hebu tukumbushane. Mwaka 1991 na 1992 watu walitimuliwa mashambani mwao katika Bonde la Ufa, nyumba zikateketezwa. Tukaambiwa tusahau. Usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, bunduki zikaporwa, na watu wa bara wakaanza kuuawa na kufukuzwa Pwani. Tukaambiwa tena tusahau. Desemba 27, 2007 tukapiga kura, na kufikia mwisho wa Februari, Kofi Annan alipowakalisha wakubwa wawili wakatia saini, watu 1,133 walikuwa wamekufa kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo. Sasa mhubiri anionyeshe mchoro uliowasha moto huo. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa Januari 1, 2008, kina mama na watoto wakiwa wamekimbilia humo. Ni nani miongoni mwa waliolichoma alikuwa ametoka kutazama maonyesho ya sanaa? Chuki ilipikwa majukwaani, ikapakuliwa redioni. Redio hizo hizo ndugu yangu anazotumia kutuonya juu ya rangi na turubai.

Na ukitaka kuzungumzia picha zinazotonesha vidonda, anza na ile iliyo juu ya kaunta ya kila duka, ofisi na kinyozi nchini. Picha ya rais. Kila rais aliyetawala ameangikwa mbele ya macho ya watu ambao pengine walifurushwa makwao katika enzi yake, nao wakanunua sukari chini ya tabasamu lake bila mtu kuwauliza kama wanaumia. Hiyo hatuambiwi inaleta uhasama. Inayoleta uhasama ni ya aliyekimbia na godoro kichwani.

Twende Lubumbashi, huko Kongo. Miaka ya 1970 mjini humo, mafundi na wafanyakazi wa migodini walinunua michoro wakaitundika sebuleni, na mmoja uliopendwa sana ulikuwa ule wa enzi ya Mbelgiji. Mfungwa amelazwa kifudifudi, suruali imeshushwa, matako yanavuja damu. Mzungu amesimama kando anatazama tu. Anayeshika mjeledi ni askari mweusi, kofia nyekundu kichwani, mwana wa nchi kama huyo anayempiga. Wake za wafungwa wako hapo hapo, na bendera ya Ubelgiji inapepea juu yao wote. Fikiria mgeni anakaribishwa chai chini ya mchoro kama huo! Mgeni atauliza, mwenye nyumba atajibu, babu atasahihisha, na mjukuu aliyejifanya anacheza atakuwa amesikia yote.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, hakutosheka na mchoro mmoja mmoja. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake katika michoro zaidi ya mia, toka wazee wa kale hadi Lumumba na vita vya Katanga, huku akimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila mchoro una maana gani. Alimweleza kwa Kiswahili. Hakusubiri serikali ya Mobutu impe ruhusa ya kukumbuka. Michoro hiyo leo iko kwenye jumba la makumbusho Amsterdam, ambako sidhani kuna anayehofia kwamba Waholanzi watashikiana mapanga.

Hapo ndipo ninapopandwa na mori. Cha kwetu kinachosema kweli tunakifukuza, kisha tunakipigia makofi kikishavuka bahari. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alihudhuria mkutano wa upinzani kabla ya uchaguzi wa 2017 akachora aliyoyaona juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mti kutoka Uganda. Mwaka 2019 Venice ikaitazama michoro hiyo. Sisi tulioshiriki mkutano wenyewe tuliambiwa tukubali yaishe.

Na huku nyumbani nako, hayo majumba ya sanaa yana lawama yao. Maelezo ya ukutani yote Kiingereza, tena Kiingereza cha kutafutia kamusi. Divai ya bure kwa waalikwa, na bawabu anayemkagua aliyevaa kandambili kana kwamba amekuja kuiba fremu. Ndiyo maana nawapa heko vijana wa Picha Mtaani, waliozitoa picha za ghasia za 2007 na 2008 wakazipanga barabarani, mwenye mkokoteni akazitazama sawa na mwenye gari.

Sasa turudi kwa yule mama aliyesema watoto wataiga. Mtoto ataona mchoro wa nyumba inayoungua, atarudi nyumbani atafute kiberiti. Kwa hesabu hiyo, waliolelewa chini ya kalenda za twiga na machweo wangekuwa wameota shingo ndefu. Mtoto huyu hutazama taarifa ya habari ya saa moja, huwasikia waheshimiwa wakitukanana mazishini mbele ya jeneza, na amesikia baba yake akiwataja jirani kwa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Lakini kitakachomharibu ni rangi ya mafuta!

Mtasema tuna ripoti, michoro ya nini? Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Ikulu Mei 2013, majuzuu mazito. Muulize utingo wa matatu yako kama ameisoma. Muulize na mbunge wako pia. Mchoro hauhitaji kuwekwa mezani bungeni ndipo uonekane.

Anayetaka tusahau namwomba afanye jambo moja kwanza: aseme yeye alikuwa upande gani. Wengi hawasemi, na hapo ndipo utajua kidonda wanachokilinda ni cha nani.

Maonyesho ya aina hii yakija mjini kwenu, nenda. Nenda na mwanao, simama naye mbele ya kila mchoro, na asipoelewa Kiingereza cha ukutani mweleze wewe kwa lugha yenu. Akikuuliza ulikuwa wapi siku hizo na ulifanya nini, mjibu.