Adabu Haishiki Breki

Mwandishi aliyedai kwamba barabara za Kericho na Bomet zimeharibiwa na madereva wasio na adabu amesema nusu tu ya ukweli. Wapo, naam, wanaopita magari kwenye kona, ukungu umefunika mashamba ya chai na taa hawapunguzi. Lakini Londiani, tarehe 30 Juni 2023, trela lilivamia matatu, bodaboda na wachuuzi, likaua zaidi ya watu 50. Mchuuzi aliyepanga bidhaa hatua chache kutoka kwenye lami angeokolewa na ustaarabu gani? Alihitaji soko mbali na barabara. Na basi lililopata ajali Fort Ternan, Oktoba 2018? Polisi walisema halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Basi nani aliliruhusu kupita vizuizi vyote tangu Nairobi?