Vijana wa Gudele, Leseni Si Udereva

Ndugu zangu wa Gudele, hapa Juba, na hasa nyinyi vijana ambao wino wa leseni zenu haujakauka, leo nina neno nanyi. Siku hizi kijana akishapata leseni ya magari makubwa, la kwanza ni kupiga picha ameegemea bampa ya trela, la pili ni kutafuta tajiri wa kumkabidhi ufunguo. Ukimwambia asafiri kwanza na dereva mkongwe, akae kiti cha utingo walau miezi michache, anakutazama kana kwamba umemtukana mamaye. Mtu mwenye cheti ndiye wa kutia maji kwenye rejeta na kuweka jiwe nyuma ya tairi?

Naam, ni wewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Barabara mnayoitamani ni hii ya Nimule, kilomita 192 za lami zilizokamilika mwaka 2012, inayotuletea unga, saruji na dizeli. Lori linalotoka Mombasa hutembea zaidi ya kilomita 1,600 kufika Juba. Kenya na Uganda linapita kushoto. Likitoka Elegu na kuingia Nimule linahamia kulia. Usukani hauhami. Uko kule kule kulia, kwa kuwa gari liliundwa kwa barabara za wenzetu. Basi dereva anabaki upande wa majani, na akitaka kulipita gari la mbele haoni kinachokuja mpaka kichwa cha lori kimeshajitokeza chote. Jicho lake ni yule utingo wa kushoto anayemwambia "bado" au "twende". Huyo mnayemdharau ndiye aliyeshika roho ya dereva! Chuoni ulizungusha gari tupu uwanjani. Hili nani alikufundisha?

Wako watakaonijibu kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Methali hiyo ni ya mwenda kwa miguu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari zito lifikie tani 56 pamoja na mzigo wake, na mwenye uzito huo akipotea hapotei peke yake.

Nasema kwa sababu nawapenda, na mnaweza. Nani kama kijana wa Gudele? Kiarabu cha Juba anacho, Kiswahili alirudi nacho kutoka ukimbizini, Kakuma au Kampala, Kiingereza kipo, lugha ya nyumbani ipo. Dereva mgeni akifika kizuizini hutafuta wa kumsemea, nyinyi mnajisemea. Mwenyezi Mungu amewapa neema hiyo bure, nanyi mnaikimbiza kaburini kwa haraka ya siku mbili.

Matajiri nao wasijifiche nyuma ya mlango. Mnawachukua watoto hawa kwa ujira mdogo, mnawapa matangi ya maji, mkisema ni kazi ndogo tu, kutoka mtoni hadi Gudele. Ndogo vipi? Maji yasiyojaa tangi yanacheza: ukishika breki yanakusukuma mbele, ukikata kona yanakuvuta pembeni. Na vichochoro vyetu, mvua ikinyesha, ni tope tupu na watoto wanaotoka shule. Mpeni kijana mtu mzima wa kukaa naye, mumlipe huyo mtu mzima.

Nilitaka kuishia hapo, lakini liko jambo linanichoma. Mwana hutazama kisogo cha nina, na baadhi ya wakongwe wetu wana kisogo kibaya. Wakifika kwenye mteremko wanatia nyutro, gari linaserereka lenyewe, ili dizeli ibaki, ikauzwe kwa madumu kando ya barabara. Wanaiita marupurupu. Injini haizuii tena gari, mzigo wote unaangukia breki, breki zinapata moto, na breki ikishapata moto haishiki. Kijana aliyetumwa kujifunza anajifunza hilo kwanza. Wazee wangu, mnampa mtoto wa watu wizi na kifo katika somo moja! Mfundisheni kushuka kwa gia aliyopandia, na dizeli ya tajiri ibaki ndani ya tangi la tajiri. Ujira ukiwa hautoshi, mdaini mwenye gari mchana, mbele ya watu, na huyo kijana awepo asikie.